Maswali ya Wasomaji: Je, Oili ya Magari Yenye Kilomita Nyingi Inastahili Bei Yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE, na mita yake sasa inasoma kilomita 187,000. Ninaishi Uyole, Mbeya, na kila mara ninateremka Kyela kwa shughuli za mchele. Tangu nimwage oili hadi nimwage tena, yaani kilomita 5,000, huwa ninalazimika kuongeza kiasi cha robo tatu ya lita. Ubavuni mwa injini kuna unyevunyevu wa oili, ingawa sijaona tone likianguka chini. Fundi wangu wa Mwanjelwa ananishauri nihamie oili nzito ya 20W-50 kwa kuwa, kwa maneno yake, injini imechoka. Muuza duka naye anataka ninunue oili ya bei ya juu iliyoandikwa High Mileage kwenye dumu, akidai kwamba inafufua injini. Nimsikilize nani?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, muuza duka ametaja dawa inayofaa lakini ameisifia kupita uwezo wake. Ushauri wa fundi wako ni wa kawaida sana katika gereji zetu, nami nitaeleza kwa nini usiufuate kwa sasa.

Oili ya aina hii si ya miujiza wala si ya ulaghai. Kampuni ya Valvoline ya Marekani ndiyo iliyoanza kuiuza mwaka 2000, na kampuni nyingine kubwa zikafuata, zikilenga magari yaliyovuka maili 75,000, ambazo ni takriban kilomita 120,000. Hesabu hiyo ni ya wauzaji zaidi kuliko ya injini, kwa maana injini iliyomwagwa oili kwa wakati inaweza kufika kilomita 200,000 ikiwa kavu kabisa, ilhali iliyopuuzwa huanza kulowa mapema zaidi. Isitoshe, sote tunajua kwamba mita za baadhi ya magari ya mtumba hurudishwa nyuma kabla hayajatufikia. Kwa hiyo tazama hali ya injini yenyewe, usiiamini namba peke yake.

Tofauti kuu ya oili hii na ile ya kawaida ni viambato vya kulainisha sili, yaani pete zinazozuia oili isivuje. Sili za injini, kuanzia zile za mbele na nyuma ya krenki hadi zile ndogo zilizovishwa kwenye vishina vya valvu, nyingi ni za mpira, na mpira unaopikwa na joto kwa miaka 20 hukakamaa, husinyaa na kuacha upenyo mwembamba ambamo oili hupita. Viambato hivyo, ambavyo mara nyingi ni kemikali za jamii ya esta, hupenya ndani ya mpira, huurudishia ulaini na kuuvimbisha kidogo hadi ukaze tena. Kazi hiyo huchukua muda. Usitarajie mabadiliko kabla ya kutembea kilomita elfu moja au mbili. Sili iliyochanika haiwezi kuponywa kwa njia hii, wala gasketi iliyopasuka, wala chuma kilicholika.

Oili nyingi za kundi hili huongezewa pia visafishaji vya masizi, na hutengenezwa ziwe nzito kidogo ndani ya mipaka ya daraja lake la uzito, mfano 5W-30. Kuhusu madai ya kinga kubwa zaidi dhidi ya kulika kwa vyuma, nakushauri uyapokee kwa tahadhari. Kinga hiyo hutokana zaidi na zinki na fosforasi, na viwango vya API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) vya miaka ya karibuni, ikiwemo SN na SP, haviruhusu fosforasi izidi asilimia 0.08 katika oili za daraja kama 5W-30 na 10W-30, kwa sababu huharibu kifaa cha kusafisha moshi. Oili yoyote yenye alama hizo, ya bei ya juu au ya kawaida, imefungwa na kikomo hicho hicho.

Sasa tuangalie gari lako. Robo tatu ya lita kwa kilomita 5,000 si ugonjwa wa kukunyima usingizi, kwani vitabu vya magari mengi ya Toyota huweka kikomo cha lita moja kwa kilomita 1,000, nawe uko mbali sana na hapo. Injini yako inakula oili kidogo na inatoka jasho, na hiyo ndiyo hali hasa ambayo oili hii ilitengenezewa. Hata hivyo, kabla hujafungua pochi, mwambie fundi aisafishe injini kwa nje, utembee siku chache, kisha mwangalie pamoja unyevu unaanzia wapi. Mara nyingi katika injini kama yako huanzia kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), ambayo bei yake ni ndogo na kazi ya kuibadilisha si ya kutwa nzima. Aikague pia valvu ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa oili kutoka ndani ya injini kurudi kwenye njia ya hewa. Ikiziba, shinikizo hujaa ndani na kuisukuma oili nje kupitia kila penye udhaifu. Nimeona watu wakibadilisha sili za krenki kwa gharama kubwa ilhali kosa lote lilikuwa la kivalvu hicho, ambacho huingia kwenye kiganja cha mtoto.

Barabara yako ya Kyela itakusaidia kutambua oili inapotelea wapi. Unapoteremka kutoka Tukuyu ukiwa kwenye gia ndogo, mguu ukiwa nje ya eksileta, mvuto ndani ya silinda huwa mkubwa na huifyonza oili kupitia sili za valvu zilizokakamaa. Ukifika chini na kukanyaga eksileta, mwombe mtu atazame bomba la moshi: wingu la bluu linalotoka mara moja na kupotea huashiria sili za valvu, na hapo oili ya kulainisha sili ina nafasi nzuri ya kukusaidia. Moshi wa bluu ukitoka mfululizo unapopanda kurudi Uyole, shaka inahamia kwenye ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, ambako nafasi hiyo ni ndogo.

Nije kwenye 20W-50. Namba iliyo kabla ya W huonyesha tabia ya oili kwenye baridi, na ile ya mwisho huonyesha uzito wake ikiwa imefika nyuzi joto 100. Ni kweli kwamba oili nzito hupita kwa shida kwenye upenyo, kwa hiyo matumizi yanaweza kupungua na fundi akaonekana amefaulu. Lakini asubuhi za Juni na Julai Uyole unazijua mwenyewe, na oili hiyo huchelewa kupanda hadi sehemu za juu za injini wakati wa kuwasha, saa ambayo vyuma hulika zaidi. Tena 1NZ-FE ina mfumo wa VVT-i, ambao huitumia oili yenyewe kusogeza mpangilio wa valvu kupitia njia nyembamba, na uzito usiotarajiwa huufanya uitikie polepole. Sisemi injini itakufa. Magari mengi ya zamani yenye kabureta yameishi na oili nzito kwa miaka, na huenda ushauri huu umerithiwa kutoka enzi hizo.

Ushauri wangu ni huu: kamilisha kwanza gasketi na PCV, kisha weka oili ya kilomita nyingi ya daraja la 5W-30 au 10W-30 na uitumie kwa vipindi viwili vya kumwaga, huku ukiandika kila unachoongeza. Injini yako huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, hivyo dumu la lita nne litakuachia kidogo cha kuongezea. Usirefushe muda wa kumwaga kwa sababu tu oili ni ghali. Ikiwa baada ya vipindi hivyo viwili bado unaongeza robo tatu ya lita, rudi kwenye oili ya kawaida yenye ubora bila kinyongo, kwa sababu tofauti ya bei ya dumu zima itakuwa kubwa kuliko thamani ya oili unayoongeza.

SWALI: Corolla yangu ya mwaka 1998 inakula lita moja ya oili kila kilomita 600 hivi. Nikipanda Kitonga, walio nyuma yangu hawaoni barabara kwa moshi wa bluu. Nimekwishatumia oili hiyo ya kulainisha sili mara mbili bila nafuu. Je, niendelee?
Msomaji, Makambako

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Moshi unaoendelea wakati injini inabeba mzigo, pamoja na ulaji wa kiasi hicho, vinaelekeza kwenye ringi au silinda, na hakuna sili ya kulainishwa hapo. Nunua oili ya kawaida ya daraja sahihi, usiache kukagua kijiti cha kupimia kila asubuhi kabla ya kuwasha, na peleka gari likapimwe kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Mwambie fundi apime kwanza hivyo hivyo, kisha amimine kijiko kimoja cha oili ndani ya kila silinda kupitia tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda waziwazi, ringi ndizo zilizochoka, na utalinganisha gharama ya kuzibadilisha na bei ya injini ya mtumba. Kipimo kikibaki chini vile vile, mwambie afungue silinda hedi akague valvu na gasketi yake kabla hajagusa pistoni.