Namba tasa ya tarakimu milioni 41: maswali yenu

Safari iliyopita niliitaja namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) kubwa kuliko zote zijulikanazo: chukua mbili 136,279,841, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Ilithibitishwa Oktoba 2024, nayo ina tarakimu 41,024,320. Maswali yakamiminika.

Mwalimu, nani atakayeisoma yote? Na yaishia na ngapi? (Langoni, Lamu)

Ukiitamka tarakimu moja kila sekunde, huli wala hulali, utamaliza baada ya siku 475 hivi. Mwisho wake ni 1, na hilo hulihitajii kompyuta. Mbili zikizidishwa, tarakimu ya mwisho huzunguka 2, 4, 8, 6, kisha hurudi 2. Gawanya 136,279,841 kwa 4, itabaki 1. Basi tuko kwenye 2. Toa 1.

Hapa barazani Mkunguni tunabishana: wamejuaje haigawanyiki? Wamejaribu kila namba?

Wapi! Umri wa dunia haungetosha. Namba za umbo hili, ziitwazo za Mersenne, zina kipimo chake, cha wanahesabu Lucas na Lehmer. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, shika baki. Rudia. Tuipime 31, yaani mbili tano zikizidishwa pamoja, toa 1. Kutoka 4 twapata 14. Kutoka 14 twapata 194, baki 8. Kutoka 8 twapata 62, baki 0. Hatua huwa 2 pungufu ya idadi ya mbili zilizozidishwa. Hapa ni 3. Ya mwisho ikitoa sifuri, namba ni tasa, bila shaka yoyote. Luke Durant wa Marekani aliipata hii yetu kwa kutumia maelfu ya kadi za michoro za kompyuta zilizotawanyika nchi 17. Kwa maoni yangu uhondo wote uko hapo: umbo hili hupendwa kwa kuwa lina njia fupi ya kupimika.

Mwanangu ashikilia kuwa idadi ya mbili ikiwa tasa, jibu nalo ni tasa. (Mama wa Barani, Malindi)

Mpe 11. Jibu ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Lakini kinyume chake ni kweli: idadi isipokuwa tasa, jibu haliwi tasa kamwe. Mersenne mwenyewe, mtawa wa Ufaransa, mwaka 1644 aliiorodhesha 67 miongoni mwa idadi zinazotoa tasa. Mwaka 1903 mwanahesabu Frank Cole akaonyesha vigawo vya jibu la 67: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kijana ana wenziwe wakubwa.

Ndiyo ya mwisho?

Hapana. Namba tasa hazina mwisho. Euclid alilithibitisha hilo zamani za Wagiriki.

Kuna pesa humo? (Shela)

Siri za mtandaoni hulindwa kwa namba tasa za tarakimu mia tatu hivi, tena zisizojulikana na wengine; hii kila mtu anaijua, haifichi kitu. Ila atakayekuwa wa kwanza kupata tasa ya tarakimu milioni 100 ameahidiwa dola 150,000 na shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani. Lakini kabla hujawasha kompyuta usiku kucha, piga hesabu ya tokeni za stima.