Birika la umeme kwenye gari la kulala

Ndugu, umeuliza kama inveta ya wati 1000 (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) itaendesha kompyuta mpakato na birika garini. Kompyuta, bila shida. Birika sahau: mengi hula wati 1500 hadi 2000. Hata ukipata dogo la wati 1000, kwenye volti 12 litavuta ampea zaidi ya 83, maana inveta nayo hula umeme wake kidogo. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaohifadhi) haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ukichemsha mara nne tano umeimaliza nusu hiyo. Mimi chai naichemshia gesi. Halafu inveta hiyo usiichomeke kwenye tundu la kiberiti cha gari. Iunge kwenye betri yenyewe kwa nyaya nene na fupi, fyuzi ikae karibu kabisa na betri.