Kwa mnaoanza kupiga picha za seli hai: jueni mnachopima

Vijana wakitoka chuoni na kuja maabara hapa Kigoma, swali la kwanza huwa ni programu ipi nzuri ya kuchambua picha. Programu zipo, tena za bure: ImageJ ipo tangu 1997, na Cellpose huchora mipaka ya seli yenyewe. Swali hilo lisubiri. Unataka kupima nini: ukubwa, idadi au mwendo? Jibu ndilo litakalokuchagulia lenzi, kasi ya kupiga picha na kiasi cha mwanga.

Usingoje mashine ya mamilioni. Nenda Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, chota maji ya kijani kwenye dimbwi la pembeni (ya ziwani ni maangavu mno, na vaa glavu, kichocho kipo). Weka tone kwenye slaidi, funika, bana simu kwenye jicho la hadubini, rekodi. Utamwona paramesia, kiumbe cha seli moja tu, akisonga huku akijizungusha. Akigonga uchafu anarudi nyuma, anageuka kidogo, anajaribu upande mwingine. Tayari una seli hai na mwendo wa kupima.

Kwa kila lenzi unayotumia, piga pia picha ya slaidi yenye mistari ya vipimo. Bila hiyo utapata majibu ya pikseli (nukta za picha), ambayo hayamsaidii mtu. Chembe nyekundu ya damu ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Ikikujia 15, usishangilie ugunduzi, kagua kipimo. Na picha za kuchambua zisipitie WhatsApp. Zikibanwa, kingo za seli huharibika.

Mliozoea slaidi za malaria mtapata shida na mwanga. Seli zilizopakwa rangi ya Giemsa zimeshakufa, hazilalamiki. Seli hai yenye protini inayong'aa ikimulikwa sana huumia, na mng'ao wenyewe hufifia. Ndiyo maana wataalamu hupunguza mwanga, wakapokea picha yenye chengachenga, kisha kompyuta ikaisafisha. Mimi usafishaji huo nauamini nusu tu, maana programu iliyofunzwa kwa picha nyingine inaweza kuchora kisichokuwepo. Tunza picha ghafi siku zote.

Kuvuta zoom ya simu nako hakuongezi undani. Hadubini ya kawaida haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, yaani mikromita 0.2. Waliovuka mpaka huo, Betzig, Hell na Moerner, walipewa Nobel ya kemia 2014.

Kabla ya kuiachia programu ihesabu, hesabu picha chache kwa mkono. Angalia hasa seli zilizogusana, maana mbili huhesabiwa moja.