Maandishi madogo chini ya barua

Swali lenu la wiki hii linasema: "Tunaambiwa kila siku kwamba Ulaya imeoza na demokrasia yake ni maneno matupu. Ninyi mnaoishi huko, mnaona nini?" Mimi ni mtu wa Unguja. Naishi Dresden, mashariki ya Ujerumani, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Nilifika majira ya baridi ya 2014, wakati PEGIDA ndio kwanza wameanza kuandamana kila Jumatatu kupinga Waislamu na wageni, kwa hiyo sitarajii mtu anidhanie nimelewa mapenzi ya mji huu.

Shemeji yangu wa Kikwajuni ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Disemba 2022 alinitumia video kwa WhatsApp: familia ya Kizungu inasherehekea Krismasi. Mwaka wa kwanza mtoto anapewa zawadi ya hamsta, yule kipanya wa kufugwa, na nyumba imejaa taa. Mwaka wa pili umeme ni wa shida, hamsta anakimbia kwenye gurudumu ili taa za mti ziwake. Mwaka wa tatu wamekaa gizani na makoti yao, wanakunywa supu, na ndani ya supu ndimo alimo hamsta. Tangazo lile lilitengenezwa na RT, televisheni ya serikali ya Urusi. Shemeji hilo hakulijua. Aliandika chini yake: "Shemeji, ndio mmefika hapo? Rudi nyumbani."

Ukweli wa baridi ile ni huu. Kabla ya vita vya Ukraine, zaidi ya nusu ya gesi iliyoingia Ujerumani kutoka nje ilikuwa ya Urusi. Ikakatika, na bei ikapanda hadi watu wakawa wanaoga haraka haraka. Kuanzia Septemba 2022 serikali iliamuru ofisi za umma zisipashwe joto kupita nyuzi 19. Hospitali na nyumba za wazee hazikuguswa na amri hiyo. Disemba kikafunguliwa kituo cha kupokelea gesi ya melini kule Wilhelmshaven, na serikali ikabeba sehemu ya bei. Tulivaa soksi mbili mbili, tukanung'unika kwa lugha zote, na magazeti yakaisema serikali kila asubuhi. Hamsta wa mtaani kwetu, kwa ninavyojua, walifika Aprili wazima wote.

Lakini hamsta ni rahisi. Upo uongo mwingine, ule unaobebwa na ukweli mgongoni, na huo ndio unaonikosesha usingizi.

Mimi navaa hijabu. Kila nikipita karibu na Mahakama ya Mkoa ya Dresden namkumbuka Marwa El-Sherbini, mfamasia kutoka Misri. Mwaka 2008, kwenye uwanja wa kuchezea watoto, alimwomba mwanamume mmoja ampishe mwanawe kwenye bembea. Akatukanwa, akaitwa gaidi. Marwa akashitaki, na yule mtu akatozwa faini ya yuro 780. Mwendesha mashtaka akaona ni ndogo, akakata rufaa. Tarehe 1 Julai 2009, Marwa akiwa ametoka kutoa ushahidi wake, yule mtu alimchoma kisu mle mle mahakamani, mbele ya mumewe na mtoto wao wa miaka mitatu. Alikuwa mjamzito. Polisi aliyekimbilia ndani akampiga risasi mume, akidhani ndiye muuaji. Zikapita siku kadhaa kabla wakubwa wa Berlin hawajafungua vinywa.

Hilo halikutungwa Moscow wala Tehran. Limetokea hapa, kwa mwanamke aliyevaa kama mimi, na alikuwa anafanya lile ambalo kila mgeni hapa huambiwa afanye: ukionewa, nenda kwenye sheria. Novemba mwaka huo huo muuaji alihukumiwa kifungo cha maisha. Leo bustani iliyo mbele ya mahakama ile ina jina la Marwa.

Sasa tazama nani aliyekipokea kilio chake. Julai ile ile, Rais Mahmoud Ahmadinejad wa Iran alisimama akaitaka dunia iilaani Ujerumani. Wiki chache tu nyuma Wairani wenyewe walikuwa wametoka barabarani kuuliza kura zao zimekwenda wapi, wakapigwa risasi. Neda Agha-Soltan alikata roho juu ya lami ya Tehran tarehe 20 Juni, simu ya mtu ikimrekodi. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Huyu aliliona lake vizuri sana, ndiyo maana akanyoosha kidole mbali.

Zamani propaganda za watawala wasiopenda kuulizwa zilijaribu kukushawishi kwamba wao ni wema. Ilikuwa kazi ngumu. Siku hizi wanatosheka ukiamini kwamba wote ni waovu sawasawa, kwa hiyo hakuna haja ya kuinuka kitini. Nasi tuna methali inayowasaidia, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijui ni uongo kiasi gani umesafiri duniani kwa tikiti ya methali hiyo.

Ndivyo wanavyofanya na ukoloni. Ni kweli, Wajerumani waliwaua watu wa kusini ya Tanganyika kwa risasi na kwa njaa katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na Rais Frank-Walter Steinmeier hakufika Songea kuomba msamaha mpaka Novemba 2023. Amechelewa, na mwenye haki ya kumwambia amechelewa ni mtu wa Songea. Akisema hivyo msemaji wa serikali inayorusha makombora juu ya miji ya jirani yake, mimi natafuta kwanza anataka kuniuzia nini.

Dresden, kwa bahati, ni mji wa kusomea mambo haya. Enzi za Ujerumani Mashariki, ile nchi ya kikomunisti iliyokuwa huku, mawimbi ya televisheni ya Magharibi hayakufika kwenye bonde hili la mto Elbe, wenzao wakawa wanapaita Bonde la Wasiojua Kitu. Wazee wangu hulitaja jina hilo wenyewe, wakicheka. Watafiti waliokuja kupekua takwimu za zamani wakakuta jambo la ajabu: huku kusikofika televisheni ya Magharibi ndiko watu walikoomba zaidi vibali vya kuhama nchi. Kwingine watu walikaa jioni wakatazama tamthilia za Magharibi, roho zikatulia. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili alinieleza kwa namna yake: "Sisi tulibaki na Schnitzler peke yake. Nani angevumilia?" Karl-Eduard von Schnitzler alikuwa na kipindi cha Jumatatu, kuanzia 1960 hadi Oktoba 1989, kazi yake kuchukua vipande vya televisheni ya Magharibi na kuwaeleza watu nini cha kufikiri juu yake.

Tarehe 15 Juni 1961 kiongozi wao, Walter Ulbricht, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakuna mtu mwenye nia ya kujenga ukuta. Tarehe 13 Agosti seng'enge zikaanza kukunjuliwa Berlin. Na ukuta uliposimama, jina lake rasmi likawa kinga dhidi ya ufashisti. Kinga ambayo bunduki zake zilielekea ndani.

Unguja tunawakumbuka Wajerumani hao kwa fleti. Zanzibar iliitambua nchi yao 1964, nao wakajenga Kikwajuni na Kilimani. Shemeji anakaa humo mpaka leo na kuta bado imara. Mwaka huo huo alifika pia Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, kwa ajili ya ushauri wa aina nyingine. Mzee wa Unguja aliyekuwapo miaka ile haniulizi Stasi ilikuwa nini.

Yule bibi wa ghorofa ya pili ameniruhusu nisimulie habari yake bila jina. Kuanzia Januari 1992 raia waliruhusiwa kusoma mafaili waliyowekewa na Stasi, iliyoacha nyaraka zinazojaza rafu za kilomita 111. Bibi akaenda, akitegemea mambo mazito. Akakuta kurasa za kahawa. Dada yake wa Hannover, upande wa Magharibi, kamtumia kahawa, pakiti ngapi, nani alialikwa kuinywa, nani alicheka, alicheka kwa neno gani. Mwandishi alikuwa mmoja wa waalikwa. "Na kahawa yangu aliisifu," bibi huniambia. Hilo ndilo ambalo hajalisamehe.

Jengo la Stasi la hapa, mtaa wa Bautzner, sasa ni makumbusho. Tarehe 5 Disemba 1989 umati ulilizunguka, kisha baadhi wakaenda kwenye nyumba ya KGB, majasusi wa Kisovieti, iliyokuwa jirani. Ofisa aliyetoka kuwazuia alikuwa Vladimir Putin, mkazi wa Dresden tangu 1985. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alipiga simu kuomba wanajeshi, akajibiwa kwamba bila amri ya Moscow hakuna la kufanyika, na Moscow iko kimya. Yule bibi wa kahawa alikuwa katika umati ule siku ile, amevaa koti la kijani analolitunza bado. Kila mmoja alirudi kwake na somo lake.

Machi 2022 Urusi ilipitisha sheria ya kifungo cha hadi miaka 15 kwa "habari za uongo" juu ya jeshi lake. Vita vikawa "operesheni maalumu ya kijeshi", kama vile ukuta ulivyokuwa kinga. Alexei Gorinov, diwani wa mtaa mmoja wa Moscow, aliviita vita katika kikao cha baraza kilichokuwa kinajadili mashindano ya watoto ya kuchora. Julai 2022 akafungwa miaka 7.

Mtaniuliza, na Ulaya je, si nayo iliizima RT? Iliizima, Machi hiyo hiyo, pamoja na Sputnik, shirika jingine la habari la serikali ya Urusi, na mimi sikulipenda jambo lile. Mtu mzima hazimiwi redio. Anayetaka kusikiliza uongo aachwe ausikilize, sisi wengine tumjibu, hata kama jibu linachukua muda mrefu kuliko video ya hamsta. Tawi la RT la Ufaransa lilikwenda mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, likashindwa, na hukumu yenye sababu zake iko wazi kwa kila mtu. Ilitolewa Julai ile ile ya Gorinov. Nimeelezwa sababu hizo na bado sikubali. Nimesema hivyo kazini wakati wa chai, mwenzangu mmoja akanuna siku mbili, basi.

Wala sitaki mdhani kura hapa huleta wema. Septemba 2024, katika uchaguzi wa jimbo letu la Saxony, AfD, chama kisichoficha kwamba watu kama mimi tumezidi, kilipata asilimia 30.6, nyuma kidogo tu ya chama cha CDU chenye 31.9. Mimi sipigi kura. Sheria mpya ya uraia ya 2024 ingeniruhusu kuwa Mjerumani bila kuacha uraia wangu, ila Tanzania ndiyo hairuhusu uraia wa nchi mbili, na mimi sijawa tayari kuwa mgeni Unguja. Asubuhi iliyofuata uchaguzi ule nilikuwa namwogesha mzee mmoja, akaniambia bila haya kwamba kura yake amewapa AfD, kisha akalalamika kwamba maji ni ya moto mno. Nikayapoza.

Sasa, naona nini? Kifungu cha 2 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya kinataja utu, uhuru, demokrasia, usawa, utawala wa sheria na haki za binadamu. Maneno mazuri, na kila serikali duniani ina ya kwake ya kutundika ukutani. Mimi nayapima kwa barua moja.

Miaka minne nyuma idara moja ilininyima posho ya mwanangu, ikidai karatasi fulani haikufika. Ilifika, na stakabadhi ya posta ninayo. Barua yao ilikuwa baridi kama kawaida yao, nami nikaikunja nikaitia mkobani, nikasema ndivyo walivyo. Mwenzangu kazini akanitaka niitoe. "Soma chini," akasema. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa namna ya kuupinga uamuzi ule: nimwandikie nani na ndani ya mwezi mmoja. Wakisahau kukuandikia maelezo hayo, muda wako wa kupinga unakuwa mwaka mzima. Yaani serikali inakuambia hapana, kisha karatasi hiyo hiyo inakufundisha namna ya kubishana nayo. Nilikaa na ile barua muda mrefu. Kwetu, mtu akitaka kupinga neno la ofisi huanza kwa kutafuta nani anamjua nani.

Nikaandika ukurasa mmoja kwa Kijerumani changu cha wodini. Baada ya wiki saba wakajibu kwamba walikosea na nitalipwa tangu mwezi wa kwanza niliostahili. Pole hawakunipa, wala sikuitegemea.

Haya yote nilimsimulia shemeji kwa ujumbe wa sauti, dakika tisa nzima. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Na baada ya kuwaandikia hivyo, hakuna aliyekuja kukuuliza?"

"Hakuna."

"Hata simu?"

"Hata simu."

Nikaona anaandika, akaacha, akaandika tena.

"Haya, shemeji," akasema. "Nisalimie huyo bibi wa kahawa."