Sili ya mbele imebadilishwa mara mbili na bado inavuja

SWALI: Nina Land Cruiser mkonga, HZJ75 ya mwaka 1994, niko Babati. Gurudumu la mbele kulia linavuja oili nyeusi nyepesi, inachuruzika mpaka kwenye tairi. Ndani ya miezi minane fundi amebadilisha sili, ile pete ya mpira inayozuia oili, mara mbili. Linavuja zaidi nikitoka safari ndefu kuliko nikizunguka mjini. Sasa ananishauri niweke oili namba 140, ile nzito zaidi, kwenye difu (gia za kwenye ekseli) ili isipite. Jumamosi natakiwa Haydom. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo 140 usiweke, na sili ya tatu usinunue kwanza. Sili mbili zikifa ndani ya miezi minane, kuna kitu kinaziua, na kitu hicho bado kiko kwenye gari.

Ndani ya lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu mna sivi jointi, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikata kona, nayo inakaa kwenye grisi nzito. Oili ya difu iko upande wake, ndani ya ekseli. Kinachozitenganisha ni sili moja tu inayobana shafti, kile chuma kirefu kinachotoka difu kwenda gurudumuni. Ikishindwa, oili inaingia kwenye grisi, vinakorogana, unapata uji mweusi kama huo wako. Chota kwa kidole unuse. Ikitoa harufu kali ya kiberiti, ni oili ya difu. Ingekuwa grisi tupu, nzito, ningekuambia ni sili ya nje inayofuta tufe, kazi ndogo zaidi. Utando mwembamba wa grisi juu ya tufe si ugonjwa.

Ulivyosema linavuja zaidi baada ya safari ndefu, nimefikiria breza moja kwa moja. Ni kile kitundu cha kupumulia juu ya nyumba ya ekseli. Difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, na breza ikiwa imeziba kwa tope, hewa hiyo inatafuta pengine pa kutokea. Inaisukuma oili kwenye sili iliyo dhaifu kuliko zote. Endesha kama kilomita 20, simama mahali tambarare, ufungue taratibu nati ya kujazia oili ya difu ya mbele, uso ukiwa pembeni. Ukisikia “fsss”, umempata mhalifu wa kwanza. Ing'oe breza, ioshe kwa dizeli, ipulize mpaka hewa ipite, au funga mpya. Hapohapo itazame oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia mtoni, imwage yote.

Mhalifu wa pili ni beringi za kingipini, zile za juu na chini ya tufe ambazo gurudumu hugeukia likikata kona. Piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa, mwenzako akiwa amekanyaga breki. Mchezo, yaani kule kulegea, ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingipini, na hapo shafti haizunguki katikati ya sili: inaibana upande mmoja na kuacha upenyo upande wa pili. Sili mpya ya aina yoyote haidumu hapo. Wakati wa kubadilisha beringi hizo, shimu (vibati vyembamba) za juu na za chini zisichanganywe, maana ndizo zinazoifanya shafti ikae katikati ya sili.

Sasa shafti yenyewe, na hapa naomba usimame karibu na fundi wako kazi ikifanyika. Ikitoka, ifutwe iwe kavu, halafu upitishe ukucha pale inapokaa sili. Ukucha ukinasa, pana mfereji, na mdomo wa sili hauwezi kuuziba. Shafti ibadilishwe, au ivishwe bushi nyembamba ya chuma mahali hapo. Nyumba ya sili nayo ikaguliwe, maana sili ya zamani ikichokonolewa kwa bisibisi huacha mikwaruzo ambayo oili hupita. Sili mpya iingie ikiwa sawa, upande wenye kispringi ukitazama difu, mdomo ukiwa umepakwa oili.

Halafu kuna dakika moja inayoharibu kazi yote. Shafti ni nzito, na meno yake ni makali. Fundi akiiingiza na kuiachia ilalie sili, mdomo unachanika palepale, wala hakuna atakayeona. Mimi naibeba kwa mikono miwili, nikiwa nimeinyanyua katikati ya tundu mpaka meno yashike difu. Mteja aliwahi kunirudia baada ya wiki mbili kwa sababu nilifanya haraka hapo, na sijafanya haraka tena.

Jambo jingine linaniudhi kila siku. Nati za habu, yaani kitovu cha gurudumu, za gari hili ni za 54 mm, na soketi yake ipo. Zikipigwa kwa tindo na nyundo, vipande vya chuma huingia kwenye beringi, na hakuna anayejua nati imekazwa kiasi gani. Fundi asiye na soketi hiyo, mwombe aazime.

Uji wote uoshwe, sivi jointi ipakwe grisi mpya yenye molibdeni, difu ijazwe oili namba 90 yenye alama ya GL-5 mpaka usawa wa tundu. Oili nzito haiondoi presha wala haizibi mfereji. Pedi za breki zilizolowa zitupwe, hazisafishiki.

Kuhusu Jumamosi: ingiza kidole kwenye tundu la kujazia. Oili ikiwa usawa wa tundu, breza ikiwa safi na breki haivuti upande, nenda, beba lita mbili za namba 90 na upime tena ukifika. Breki ikivuta upande, au ukikata kona kali ukasikia “ka-ka-ka” gurudumu la kulia, gari libaki Babati.