Kabla hujachagua kituo cha utarajali, uliza nani anapokea simu usiku

Mdogo wangu nimesoma swali lako, uko mwaka wa tano wa MD, shahada ya udaktari, unamalizia, unauliza mwaka wa utarajali, ule wa kufanya kazi hospitali chini ya usimamizi baada ya chuo, ukoje, uchague hospitali ya taifa au ya mkoa, na ubebe nini. Mi nimemaliza wangu hospitali ya rufaa ya mkoa huku kanda ya ziwa, jina la hospitali naliacha, ntakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Hili la taifa au mkoa watu wanabishana kila mwaka. Watakwambia hospitali kubwa utakaa nyuma ya foleni, kuna marezidenti, wale madaktari wanaosomea ubingwa, kuna wanafunzi, mpaka zamu yako ya kushika kisu ifike mwaka umeisha, ila mkoani utafanya kila kitu. Ni kweli kabisa, mi nilizalisha, nilishona, nilitoa maji kifuani, opereseni za uzazi nilianza kwa kusaidia mpaka nikawa nafanya mwenyewe daktari bingwa kasimama pembeni. Lakini kabla hujachagua mtafute mtu anayefanya utarajali pale sasa hivi, siyo aliyemaliza zamani, umuulize bingwa akipigiwa simu saa tisa usiku anapokea? Akipokea anakuja? Mi sikuuliza.

Ratiba yenyewe utaikuta, magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, ndo idara kubwa, karibu miezi mitatu mitatu, kila unachofanya unaandika kwenye logibuku, daftari la kumbukumbu za kazi, bingwa anasaini. Leseni yako ni ya muda, maana yake uko chini ya usimamizi, na huo usimamizi ni haki yako na ya mgonjwa, siyo hisani ya mtu.

Nilianzia watoto. Huku malaria ipo na sikoseli ipo juu, kwahiyo wodi ya watoto ni kuishiwa damu asubuhi na jioni, baada ya wiki unageuza kiganja cha mtoto unaona tu kabla hata majibu hayajatoka maabara. Wiki yangu ya pili nilimpigia bingwa usiku kuhusu mtoto mwenye homa, kesho yake kwenye raundi ya kupitia wagonjwa akanifokea mbele ya akina mama wote, kwamba namwamsha kwa homa, chuoni nilifundishwa nini. Sikujibu kitu. Ila moyoni nikaweka kwamba simu yake siigusi tena mpaka niwe nimemaliza kila ninachojua.

Mwezi wangu wa pili, usiku wa saa nane akaja bibi na mjukuu wake mgongoni, mtoto wa miaka mitatu, kilo 12. Alimshusha kwenye kitanda, akaanza kukunja kitenge alichombebea, anakikunja taratibu kingo kwa kingo huku anamwangalia mtoto. Viganja vyeupe, puani panatanuka kila anapovuta hewa, nikahesabu pumzi 64 kwa dakika. Malaria ipo, kiwango cha damu 3.1, kimeshuka vibaya. Nikaweka kanula ya mshipani, artesuneti ya malaria kali ikaingia, oksijeni ikawekwa, sampuli ya damu ikakimbizwa benki ya damu, na benki wakajibu grupu yake hakuna, tusubiri asubuhi wachangiaji waje.

Hapo ndo nilikosea. Nilijua damu hakuna saa nane na dakika 20. Nikaanza kuhangaika mwenyewe, naenda maabara narudi, nampima bibi kama anaweza kutoa damu grupu haiendani, napiga simu kwa wenzangu kama kuna anayeweza kuchangia, na namba ya bingwa ninayo kwenye simu mfukoni. Sista wa zamu akaniuliza, daktari umempigia mkubwa wako? Nikamwambia bado, ngoja nijaribu maabara mara moja tena. Akanitazama tu. Nilipompigia ilikuwa saa tisa na dakika tano, akapokea mlio wa pili, hakufoka hata kidogo, akaniuliza maswali mawili akakata, na ndani ya dakika kumi mtu wa maabara anakuja mbio na chupa, kumbe kulikuwa na chupa mbili zimetengwa kwa opereseni ya kesho yake na mwenye mamlaka ya kuzifungua ni bingwa. Tulikuwa tunaunganisha dripu ya damu mtoto akaacha kupumua. Tulimpa pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa, na kumkandamiza kifua karibu nusu saa. Hakurudi.

Bibi alipomaliza kulia alikuja pale mezani nilipokuwa naandika faili akaniambia asante baba, nimeona umehangaika. Mpaka leo nikiandika hii mkono unakuwa mzito, maana yeye alihesabu nilivyokimbia na mimi nilikuwa nahesabu zile dakika 45.

Asubuhi bingwa akaja mapema kabla ya raundi, akavuta stuli akafungua faili. Akauliza, ulijua damu hakuna saa ngapi? Nikamwambia. Na mimi ulinipigia saa ngapi? Nikamwambia. Akakaa kimya muda mrefu halafu akasema kuanzia leo nipigie, hata kama jana yake nilikufokea, nipigie. Akaomba msamaha kwa ile ya kwenye raundi, na akaweka utaratibu kwamba mtarajali wa zamu akikosa damu ya mtoto anapiga simu papo hapo, haulizwi. Nilimheshimu sana kwa hilo na bado namheshimu.

Kwahiyo ujifunze kupiga simu, maana na yenyewe ina namna yake. Usianze na samahani daktari kwa usumbufu. Unasema wewe nani na uko wodi gani, mgonjwa ni nani, namba zake, umefanya nini, halafu unataka nini. Mfano, daktari niko wodi ya watoto, nina mtoto wa miaka mitatu kilo 12, damu 3.1, pumzi 64, ana malaria, yuko kwenye oksijeni na artesuneti, grupu yake hakuna benki, naomba unisaidie kupata damu sasa hivi. Nusu dakika umemaliza na yeye tayari anajua aamke au aelekeze. Namba ziandike kwenye karatasi kabla hujapiga, usiku kichwa kinaruka.

Leba nilifika nikiwa nimeshajua kuuliza, na aliyenifundisha zaidi pale ni mkunga mmoja wa miaka mingi, tulikuwa tunamwita mama. Mgonjwa wangu wa kwanza wa kifafa cha mimba, magineziamu, dawa ya kuzuia degedege lake, nilikuwa naijua kwenye karatasi, gramu 4 mshipani polepole, gramu 10 kwenye misuli tano kila tako, halafu tano kila baada ya masaa manne. Muda wa dozi inayofuata ulipofika nikashika bomba la sindano, mama akanishika mkono akasema goti kwanza. Nyundo haikuwepo, akaninyooshea ukingo wa kiganja, gonga chini ya pia ya goti, mguu ukaruka kidogo, maana usiporuka dawa inaweza kuwa imezidi. Pumzi ngapi? Lazima zisipungue 16. Mkojo kwenye mfuko umeongezeka? Ndo akaniachia. Na kalisiamu glukoneti, dawa ya kuitengua, alikuwa ameshaiweka juu ya kabati pembeni ya kitanda, ikiwa magineziamu imezidi hutakiwi kuanza kuitafuta. Ukifika leba siku ya kwanza salimia wakunga kabla ya mtu yeyote.

Pesa nisikufiche, posho inaweza kuchelewa, kwetu ilichelewa, uwe na akiba ya kula na kodi angalau miezi miwili mitatu, na upange karibu na hospitali hata kama chumba ni kidogo.

Kingine, ukichomwa sindano ya mgonjwa usione aibu ukanyamaza. Mi nilichomwa nikiwa upasuaji, nikaosha kwa maji na sabuni nikaenda kuripoti saa ileile, dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na zisipite masaa 72, unameza siku 28. Kuna mwenzetu alikaa nalo siku nzima kwa kuogopa kuonekana mzembe, tulimvuta wenyewe kwenda kliniki.

Vya kubeba, jozi mbili za viatu vya kufunika vidole, kijidaftari kinachoingia mfukoni, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Pumzi za mtoto zinahesabiwa dakika nzima na simu usiku inakuwa inaishiwa chaji, na hiyo chaji iliyobaki itunze kwa ajili ya kumpigia bingwa.