Shafti inayopinda baada ya kuchongwa: ipe moto katikati ya kazi

Msimu wa korosho ukikaribia hapa Mtwara, karakana hujaa shafti za mashine za kubangua, na kila mteja anataka yake leo hii. Ndipo vijana hunijia na swali lilelile: fito ilikuwa imenyooka kabisa, nimechonga mfereji wa ufunguo tu (pale kinapokaa kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti), mbona imepinda?

Wengi huilaumu mashine ya kukereza. Aghalabu chanzo kimo ndani ya chuma. Fito zile zinazong'aa huvutwa zikiwa baridi, na ngozi ya nje hubaki imekazwa huku moyo ukiisukuma. Nguvu hizo zinalingana pande zote, hadi utakapoondoa chuma upande mmoja. Hapo fito hujikunja, mgongo ukielekea kwenye mfereji. Kuinyoosha kwa presi hakuondoi tatizo, kwani unaongeza mkazo mwingine juu ya ule wa mwanzo.

Ninachowasihi ni huu mpangilio: kereza kwanza kwa makadirio, chonga na mfereji, bakiza milimita 2 au 3 za kumalizia, kisha ndipo uingize tanurini ili moto uulegeze mkazo. Kuchoma fito kabla ya kuigusa kunasaidia, lakini kukereza kwa nguvu kunaleta mkazo mpya, nao hautaondoka wenyewe. Ile ziada itakusaidia kuondoa magamba ya moto na mpindo uliojitokeza.

Kwa chuma cha kawaida, joto ni nyuzi 550 hadi 650 za Selsiasi, saa moja kwa kila milimita 25 za unene. Kama huna kipimajoto, tazama gizani: wekundu hafifu sana unatosha. Ukiona rangi ya cheri umeshapitiliza. Na tafadhali ilaze shafti ikiwa imeegemezwa urefu wake wote, kwa sababu katika joto hilo chuma hulegea na kubonyea kwa uzito wake. Kisha zima tanuri, acha ipoe humohumo hadi chini ya nyuzi 300. Upepo wa baharini ukiipiga upande mmoja ingali moto, umerudisha mkazo uleule.

Chuma kilichokwisha kukomazwa, yaani kilichozimwa ghafla kikawa kigumu kisha kikapashwa moto tena, kaa chini ya joto la kule kupashwa tena, la sivyo kitalainika. Na shafti za boti za stenlesi ya 304 (aina ya chuma kisichoshika kutu), mnazowatengenezea wavuvi wa Mikindani, msizipitishe kwenye moto huu: nyuzi 425 hadi 850 huifanya iliwe na chumvi kwenye maungio ya chembe zake.